Siku Niliyosema "Tulimuua"

Vijana wangu, najua wapo kati yenu ambao siku hizi mnalipwa kwa kukaa katikati ya watu wasioelewana lugha. Mmoja yuko mahakamani, mwingine hospitali ya hapa Somanda anawasemea wagonjwa wazee wasiojua Kiswahili, mwingine anazunguka na wageni wa miradi. Mnanisalimia njiani mnaniita mwalimu Masunga, na mimi sikuwahi kushika chaki. Nilikuwa mkalimani wa baraza la mtemi, miaka ya hamsini, Uhuru haujaja, Bariadi ikiwa maduka machache na barabara ya malori ya pamba. Kwa hiyo nitawaambia ninachokijua, na nitawaambia pia siku moja ambayo kazi hii ilinishinda nusu na nusu nikaishinda mimi.

Nilikuwa na lugha tatu. Kisukuma nilikinyonya. Kiswahili nilichapiwa shuleni. Kimasai nilipewa na njaa: mwaka mmoja mvua ilikataa kabisa, baba akatuhamishia mashariki, kule mbugani ambako ng'ombe wetu na wa Wamasai walikuwa wakinywa maji mamoja. Yeye alibadilishana nao tumbaku na vibuyu kwa ngozi, na mimi na mdogo wangu Jilala tukachunga na watoto wao. Tulikaa misimu miwili. Tuliporudi nyumbani mama alilalamika kwamba ninaongea usingizini na haelewi nasema nini. Jilala alikuwa mdogo mno, kwake lugha ile ilifutika.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shija, karani wa baraza. Alikuwa amekwenda na jeshi la Mwingereza hadi Burma, akarudi na sikio moja zima na Kiswahili cha amri amri. Kimasai hakujua hata neno, lakini alijua namna ya kukaa. "Weka kigoda chako katikati," aliniambia siku ya kwanza, "magoti yako yasielekee upande wowote. Usile kwa mtu yeyote kabla ya shauri. Usipolielewa neno, uliza, hata wakikucheka. Na mtu akisema 'mimi', wewe sema 'mimi'. Usiseme 'huyu anadai kwamba'. Ukisema hivyo umeshaanza kuhukumu. Pale kwenye kigoda huna mdomo wako, umeazimwa."

Niliona ni mambo ya kizee. Mwezi uleule Bwana Shauri, yule mkuu wa serikali kutoka Maswa, alikuja kutangaza kwamba ng'ombe wote wachanjwe. Alikuwa na maana ya sindano ya kinga. Mimi kwa kuona aibu ya kuuliza nikatumia neno letu la kuchanja kuni. Nikasimama mbele ya umma, kifua mbele, nikatangaza kwamba serikali inataka kila ng'ombe apasuliwe. Kabla jua halijafika utosini hakukuwa na ng'ombe hata mmoja upande huu wa mto. Bwana Shauri alizunguka na masanduku yake ya sindano siku mbili akichanja mbuzi. Shija alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka akasema, "Hilo ni kosa la ujinga, linasameheka. Lipo jingine."

Jingine alinieleza siku nyingi baadaye, akiziba pancha ya baiskeli yake nyuma ya baraza. Sikumuuliza. Nadhani alikuwa amelibeba hadi limemchosha.

"Kule Burma," alisema, "Mjapani mmoja alitoka msituni amefunga shati lake jeupe kwenye fito. Mikono juu. Alikuwa amekonda, unaweza kuhesabu mbavu. Askari mwenzetu mmoja akampiga risasi. Kulikuwa na kelele za mizinga, hakuna aliyejali. Lakini jioni akaja ofisa akauliza, huyu alikufaje? Mimi ndiye nilikuwa nawasemea wenzangu. Yule askari akasema kwa Kisukuma, 'Nilimpiga amenyoosha mikono, sijui nimepatwa na nini.' Alikuwa anatetemeka, Masunga. Alitaka kulisema. Na mimi nikamgeukia ofisa nikasema, 'Anasema alimpiga vitani.'"

Alipaka solusheni kwenye kiraka, akakipuliza.

"Ulimwokoa," nikasema.

"Nilimfunga mdomo. Tangu siku ile hakulala vizuri, na hakulisema tena mpaka tunaagana bandarini. Adui alikuwa adui, sikatai. Waliua rafiki zangu. Lakini mtu akishatupa silaha na kukunyooshea mikono, vita kati yako na yeye vimekwisha, hata kama wafalme wenu bado wanagombana. Hilo hakuna aliyetufundisha kambini. Sote tulilijua."

Nilimsikiliza kama mnavyonisikiliza nyinyi sasa, kwa adabu, nikingoja amalize.

Mwaka uliofuata, mwanzo wa kiangazi, vijana wa Kimasai walivuka mbuga wakachukua ng'ombe wa vijiji vitatu vya upande wetu. Ilikuwa alfajiri. Wa kwanza kusikia alikuwa Jilala, kwa sababu zizi letu lilikuwa la mwisho mashariki. Alipiga mwano, lile yowe letu la kuita msaada, akakimbilia langoni na mkuki. Watu walipofika, ng'ombe walikuwa vumbi tu kule mbali, na Jilala alikuwa amelala karibu na lango, ameuawa. Mkuki wake ulikuwa hatua kadhaa kutoka alipo. Tukasema umemtoka wakati wa kupigana. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Wakamwimbia. Kiongozi wa vijana wa kijiji, yule tunayemwita nsumba ntale, alikuwa Maduhu, rafiki yake Jilala tangu machungani. Maduhu alitunga wimbo kwamba Jilala alisimama peke yake mbele ya jeshi na hakukunja goti. Mama aliushika wimbo ule kama mtu anavyoshika ukingo wa mtumbwi. Alikuwa akitwanga, unamsikia anauimba kwa sauti ya chini.

Vijana wakaanza kujiandaa kulipiza. Mtemi akawazuia, akasema Bwana Shauri amepata habari na atakuja. Wakamtii kwa shida.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi hivi, wakatokea watu wawili barabarani. Mzee wa Kimasai na mwenzake mmoja, hawana mikuki. Mzee ameshika majani mabichi mkononi, ambayo kwao ni ishara ya amani. Nyuma yao vijana wetu kama arobaini, na Maduhu mbele. Walikuwa wamewakuta mtoni. Nilimuuliza Maduhu baadaye sana kwa nini hakuwaua palepale, akaniambia, "Sijui. Yule mzee alinisimamia mbele na majani yake kama mtu aliyeleta barua. Unampigaje mtu aliyetumwa?"

Mtemi akaita baraza. Watu wakajaa, wanaume huku, wanawake kule, na mama yangu akakaa safu ya mbele ya wanawake. Bwana Shauri alikuwa Maswa, angefika kesho yake. Mtemi akaniita kando.

"Masunga, huyu ni ndugu yako aliyekufa. Hakuna mwingine anayejua lugha yao. Utaweza?"

"Nitaweza, mtemi."

Nilidanganya. Ndani nilikuwa nikiwaza kwamba nikiwa kwenye kigoda kile nitakuwa karibu na koo la yule mzee kuliko mtu mwingine yeyote.

Nikaweka kigoda katikati. Mzee akajitaja jina, Lemayani. Alikuwa na uso mwembamba, miguu imepasuka kwa mwendo. Alianza kwa salamu, nikazipitisha. Akasema ng'ombe watarudishwa, wazee wao wamekwisha kuwakusanya. Nikalipitisha hilo, watu wakanung'unika, lakini ni manung'uniko ya kuridhika kidogo. Mtemi akaitikia kwa kichwa. Nikaona shauri linakwenda kuisha.

Kisha Lemayani akasema kwa sauti ileile, bila kuipandisha wala kuishusha:

"Kuhusu kijana aliyekufa langoni. Alitupa mkuki wake. Akakaa chini, akatunyooshea mikono mitupu. Kijana wetu mmoja akamchoma akiwa amekaa. Tulimuua mtu aliyekwisha kuacha kupigana. Kwa ajili ya ng'ombe wazee wangeweza kumtuma kijana yeyote. Mimi nimekuja kwa ajili ya hili."

Vijana wangu, katika watu wote waliojaa pale, walioelewa tulikuwa mimi na yule mwenzake aliyeinamisha kichwa. Wengine walikuwa wakinitazama mdomo.

Niwaambie yaliyonipitia, na msifikiri yalikuja kwa utaratibu. Nilimwona Jilala amekaa kwenye mavi ya ng'ombe na mikono mitupu. Nilitaka kumrukia mzee. Halafu nikaona kwamba sina haja ya kumrukia: nikisema tu alichosema, wale arobaini watafanya kazi yote, nami nitakuwa nimetimiza wajibu wangu wa mkalimani. Furaha mbaya ikanijia kifuani. Halafu nikamwona mama, na ule wimbo wa kutokunja goti. Nikisema, namnyang'anya mama wimbo. Nikikaa kimya, mzee huyu ataondoka mzima, ng'ombe watarudi, Jilala atabaki shujaa, na kila mtu atashukuru. Uongo ulikuwa na huruma zote upande wake. Ukweli ulikuwa na damu.

"Anasemaje?" mtemi akauliza.

Nikafanya jambo ambalo mkalimani haruhusiwi kulifanya, nikamsemesha mzee kwa maneno yangu mwenyewe. Nikamwambia kwa Kimasai, "Mzee, yule alikuwa ndugu yangu. Na unajua wakisikia haya watakufanya nini?"

Akanitazama. Nadhani hapo ndipo alipojua ni nani aliyekaa mbele yake.

"Mwanangu," alisema, "nimetembea siku nne kuja kulisema. Usipolisema, mimi sijafika."

Nikamgeukia mtemi. Shija alikuwa pembeni na kalamu yake, ananiangalia, na uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu anayeona jambo linajirudia. Nikafungua mdomo. Na kwa kuwa nilikuwa nimefundishwa hivyo, na ulimi ulikwisha kuzoea, nikasema kama alivyosema yeye:

"Alitupa mkuki wake. Akakaa chini, akatunyooshea mikono mitupu. Kijana wetu mmoja akamchoma akiwa amekaa. Tulimuua mtu aliyekwisha kuacha kupigana."

Tulimuua. Kwa Kisukuma, kwa sauti yangu, mama yangu akiwa hatua kumi kutoka nilipo.

Maduhu akaruka. "Mwongo! Jilala hakukaa chini! Wamemuua, sasa wanamtukana!" Vijana wote wakasimama. Vumbi likapanda. Mtemi alipiga kelele, hakuna aliyemsikia. Maduhu akaja moja kwa moja na rungu lake.

Watu husema nilimkinga yule mzee. Msiwaamini. Sikuinuka, sikunyoosha mkono. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu, katikati, kwa sababu miguu ilikuwa imekufa ganzi. Lakini kumfikia mzee ilibidi Maduhu anipite, na nilikuwa ndugu wa Jilala, nina pua ya Jilala. Akasimama juu yangu rungu likiwa hewani.

"Toka, Masunga."

"Bado hajamaliza kusema," nikamwambia. Lilikuwa ndilo jambo pekee nililoweza kufikiri.

Na Lemayani hakuwa amemaliza. Alisema palepale, rungu likiwa juu, nami nikapitisha sentensi kwa sentensi, nikimtazama Maduhu usoni:

"Kwetu kijana akiua adui vitani huimba. Hurudi nyumbani akiimba, na dada zake humpokea. Kijana huyu hakuimba. Hakuna aliyemkataza. Alificha mkuki wake kwenye majani, akakataa kula. Hapo sisi wazee tukajua lipo jambo, tukamuuliza, akasema. Ndugu yenu alikaa chini mbele yetu kwa sababu alituhesabu kuwa watu. Kijana wetu alimwonyesha kwamba alikosea. Hilo ndilo lililonitembeza. Kama mnataka kunipiga, mimi ni huyu, lakini kwanza nimewaambia."

Rungu la Maduhu lilishuka polepole mpaka likagusa ardhi. Akalia, kijana mkubwa vile, mbele ya wanawake. Akasema, "Angenisubiri. Nilikuwa njiani nakuja." Kisha akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja.

Kesho yake Bwana Shauri akafika na askari wawili. Mtemi akamweleza yote, naye akaandika, kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "Kuiba ng'ombe ni kosa, naelewa. Kuua ni kosa. Lakini hawa walikuwa kwenye vita vyao. Mbona wanaona kuua langoni ni halali na kuua aliyekaa si halali? Sheria hii imeandikwa wapi?"

Nikampitishia Lemayani, naye akaonekana kutoelewa swali. Akauliza, "Anataka kujua nani alituambia?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema hamkumbuki mtu huyo.

Basi mtemi akajibu yeye. "Bwana, nilipokuwa mdogo tulipigana machungani kila siku kwa fimbo. Mwenzako akikaa chini, humpigi. Ukimpiga, hata wa upande wako wanakuacha uchunge peke yako. Hatukufundishwa na baba wala na mtemi, maana wazee hawakuwa wanajua kwamba tunapigana. Na wale wa Kimasai kule mbugani wanacheza vilevile, muulize Masunga."

Bwana Shauri akanitazama. Nikasema kwa Kiswahili, "Ni kweli, bwana. Nilipigana nao. Nilikaa chini mara nyingi."

Hapo, hapo tu, ndipo nilipoelewa Jilala alikuwa amekumbuka nini. Lugha ilikuwa imemtoka, lakini lile la kukaa chini halikumtoka. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Shija alinifuata, akasimama karibu yangu, akaniwekea mkono begani.

Ng'ombe walirudi, na fidia ya damu ililetwa. Yule kijana alipelekwa na wazee wake mwenyewe serikalini upande wao, akafungwa. Hakuna aliyevuka mbuga kulipiza.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Mama hakusema nami kwa siku nyingi. Ananiwekea chakula, anaondoka. Wimbo aliuacha. Siku moja nilimkuta uwanjani anakata viazi vitamu vya michembe, vya kukausha juani, nikakaa nikachukua kisu nikamsaidia. Tulikata karibu kapu zima ndipo akasema.

"Nimesikia wanaume wengi wakisema barazani. Lakini niliyemsikia akisema 'tulimuua' ni wewe."

"Ndiyo, mayu."

"Najua si wewe. Masikio yangu ndiyo hayajui."

Akakata viazi viwili vitatu.

"Huyo aliyemuua. Ana mama?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Pale siruhusiwi kuuliza la kwangu, mayu."

"Yule mzee ulimuuliza la kwako. Nilikuona, ulisema naye kabla ya kutusemea." Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Siku akirudi, uliza."

Lemayani alirudi baada ya miaka minne, amekuja mnadani, amezeeka sana. Alinijua. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta wa duka, nikamnunulia chai, maana siku hiyo hapakuwa na shauri. Nikauliza. Akasema ndiyo, mama yake yupo. Kijana ametoka gerezani tangu masika. Lakini kwao nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye huijenga na yeye ndiye husema nani anaingia, na mama yake hajamruhusu kuingia hata siku moja. Analala nje, zizini. Mama huyo alisema mikono ile haiwezi kupokea maziwa yake.

Nilipanda baiskeli mpaka nyumbani, nikamweleza mama kama nilivyoambiwa, bila kuongeza. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mzee bado yuko mnadani?"

"Yupo, wanaondoka leo."

"Rudi. Mwambie amwambie yule mama: sijamsamehe mwanao, na sijui kama nitamsamehe. Lakini mimi wangu hawezi kurudi, na wako yuko zizini. Mfungulie."

Nikarudi mbio, jua linaelekea magharibi, upande wa ziwa, nikamkuta Lemayani ameshashika fimbo anaondoka. Nikasimama mbele yake nikahema, kisha nikayasema kwa Kimasai, yote, kama yalivyo. Nikasema "mimi wangu hawezi kurudi." Nikasema "mfungulie." Alinitaka nirudie, nikarudia. Akayasema yeye mwenyewe kwa sauti mara mbili ili asipoteze neno njiani, kisha akashika njia ya mashariki.